Mlenda, Kibofu na Dumu la Maji

Mvua zikishanyesha Kongwa, mkoani Dodoma, mlenda huota wenyewe katikati ya uwele na mtama. Akina mama huuchuma, wakauanika, wakautwanga na kuuweka akiba. Ikifika Oktoba, nchi imekauka na bustani hakuna, gao moja la unga huo, maji ya moto, kipande cha magadi na karanga za kusaga vinatosha kushushia ugali wa nyumba nzima.

Je, mboga hii inamkinga mlaji na saratani ya kibofu cha mkojo?

Anayetaka jibu la mkato atangoja. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliowafuatilia wanaume 47,909 kwa miaka 10 hawakuona nafuu ya maana kwa kujumlisha matunda na mboga zote. Waliopata unafuu ni walaji wa kabichi na brokoli. Mwaka 2013, uchunguzi wa watu zaidi ya 185,000 wa Hawaii na California ukageuza mambo: wanawake waliokula matunda na mboga kwa wingi waliugua kwa nadra zaidi, wanaume wala. Na ikumbukwe, zilizopimwa ni mboga kama brokoli, si mlenda.

Wanaume wale 47,909 waliulizwa pia habari za vinywaji. Waliokunywa zaidi ya lita mbili na nusu kwa siku walikuwa na hatari pungufu kwa karibu nusu kuliko wale waliokunywa kidogo. Ushauri wa kunywa maji mengi ni mwepesi kuutoa Boston, Marekani. Kongwa, ambako dumu la maji hupigiwa hesabu, si mwepesi hivyo.

Adui wakubwa wa kibofu wanajulikana. Sumu za sigara huchujwa na figo, zikatuama kibofuni pamoja na mkojo. Kichocho nacho: Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilipowachunguza wagonjwa 185 wa saratani hiyo, 83 walikutwa na mayai ya kichocho. Kwa mvutaji, au kwa mtu anayekojoa damu, mlenda si dawa. Huyo wa pili aende kupimwa.

Mlenda wenyewe una kasoro yake: jua, moto na magadi huharibu vitamini C. Bahati nzuri mbuyu hauko mbali. Unga wa ubuyu una vitamini hiyo tele, na ukikorogwa kwenye jagi la maji, hata mtoto asiyependa kunywa maji hurudi kuomba kikombe cha pili.