Korongo kavu? Uliza kwanza mvua imenyesha wapi

Kama hujawahi kuishi Hadado, kule Wajir Magharibi, ukiona laga mara ya kwanza utadhani ni barabara ya mchanga. Ni pana, kavu, na kando yake kuna vichaka vya miiba. Mbuzi wanapita hapo, watoto wanacheza hapo, na wakati wa kiangazi watu huchimba mchanga wake kutafuta maji. Halafu siku moja, jua likiwa linawaka, maji hayo yanakuja yenyewe, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo. Hapo ulipo hapajanyesha hata tone. Neno lenyewe limetoka kwa Kioromo na maana yake ni mto, basi. Wafugaji hawajawahi kusahau kwamba ni mto, hata ukikaa miezi mingi bila maji.

Sisi wa mjini ndio tunasahau. Na siku hizi mbogi nyingi za Nairobi zimependa makorongo: unachanga pesa na wenzako, mnakodi matatu, mnashuka kwenye mwamba, mnapiga picha. Wenye moyo zaidi wanashuka kwa kamba kando ya maporomoko ya maji. Ni raha, sikatai. Lakini mwulize aliyekulia kando ya laga kama angeingia kwenye ufa wenye kuta za mwamba pande zote mbili bila kutazama mawingu ya kule maji yanakotoka.

Tuchukue Hell's Gate, karibu na Naivasha, ambako wengi wetu tulipelekwa na shule. Korongo la Ol Njorowa lilichongwa na maji yaliyokuwa yakitoka kwenye ziwa kubwa la kale, lililokuwa kubwa kuliko Ziwa Naivasha la leo. Kuta zake zimelainishwa na maji. Kuna sehemu ni nyembamba kiasi kwamba mnapita mmoja mmoja, na kuna pahali lazima utumie mikono. Aprili 2012, vijana saba wa kundi la kanisa kutoka Nairobi walisombwa humo na kufa. Septemba 2019, mafuriko yaliua wengine saba, kiongozi wa watalii akiwa miongoni mwao. Hilo la kiongozi ndilo hunisumbua zaidi, maana huyo ni mtu wa mahali pale, si mgeni.

Na si hapa kwetu tu. Agosti 1997, watalii 11 walikufa katika korongo la Antelope, Arizona, Marekani. Mvua ilikuwa imenyesha kilomita kadhaa juu yao.

Kwa nini maji huja ghafla hivyo? Ardhi kame iliyopigwa na jua hugeuka kama sakafu. Mvua kubwa ikishuka hainyweki, inateleza. Vijito vidogo vinakutana, vinaingia kwenye ufa mmoja, na pale ufa unapobana maji hayana pa kwenda ila juu. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Kuogelea? Sahau.

Kwa wanaoshuka kwa kamba kuna jambo jingine. Kamba hupitishwa kwenye mti au mwamba ulio imara, na wa mwisho akishafika chini, mnaivuta ili muitumie kwenye poromoko linalofuata. Mkishaivuta hamwezi kurudi mlikotoka. Kuanzia hapo njia ni moja, kwenda chini, hata mkisikia ngurumo. Kwa hiyo swali la mvua linaulizwa juu, kamba ikiwa bado mkononi.

Ukiwa ndani, tazama vichaka. Ukiona nyasi kavu na vijiti vimenasa kwenye matawi yaliyo juu ya kichwa chako, jua maji yalifika hapo. Maji yaliyokuwa safi yakianza kuwa ya matope, au majani na vijiti vikianza kuelea kwa wingi, au ukisikia mvumo kama wa lori, panda pembeni saa hiyo hiyo. Acha begi. Simu pia, ndiyo, hata kama ni mpya. Na usikimbie kufuata korongo kuelekea chini, maana maji yana mbio kukushinda.

Kabla ya safari, soma utabiri wa eneo zima la juu, si wa pale mnapokwenda tu. Kaskazini mashariki misimu ya kuangalia ni Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Mwambie mtu aliyebaki nyumbani mtatoka saa ngapi. Na kiongozi akisema leo hatuingii, msimbembeleze wala msimwongeze pesa. Mkodi baiskeli mzunguke juu. Hell's Gate inaruhusu.