Kwa nini kitovu cha mtoto kisikatwe haraka

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikuwa na kipande cha njia kilichoogopwa sana: Mgunda Mkali, nyika kavu kati ya Ugogo na Tura, mlango wa Unyamwezi. Maji shida, pa kununua chakula ni taabu. Mpagazi aliingia na posho aliyofungasha akiwa bado Ugogo, basi.

Mtoto mchanga naye ana Mgunda Mkali wake: miezi sita ya kwanza. Maziwa ya mama yanampa karibu kila kitu, ila madini ya chuma yaliyomo ni kidogo sana, kama miligramu 0.3 kwa lita. (Usimwachishe kunyonya kwa sababu hiyo!) Chuma cha kutengenezea damu, na cha ubongo unaokua kwa kasi, kinatoka kwenye akiba aliyozaliwa nayo. Na anapotoka tu tumboni, sehemu ya akiba hiyo bado iko nje ya mwili wake.

Iko wapi? Kwenye kondo la nyuma. Damu iliyomo humo upande wa mtoto ni yake mwenyewe, si ya mama. Mtoto akianza kupumua, mapafu yanafunguka na kuhitaji damu zaidi, huku mfuko wa uzazi ukijibana na kuisukuma damu ya kondo ipite kwenye kitovu. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, ukisubiri dakika moja hadi tatu, mililita 80 hadi 100 hivi zinaingia. Ukibana ndani ya sekunde kumi, sehemu kubwa ya damu hiyo inaishia kutupwa pamoja na kondo.

Hebu tupige hesabu. Mililita moja ya damu ya mtoto mchanga ina chuma kama nusu miligramu, kwa hiyo mililita 100 ni miligramu 50. Sasa tuseme ananyonya mililita 800 kwa siku: hiyo ni kama robo miligramu tu. Gawanya hamsini kwa robo. Siku 200! Na chembe nyekundu hizo za ziada zikifa wiki zinazofuata, mwili hautupi chuma chake. Unakiweka akiba, hasa kwenye ini.

Hesabu ni hesabu, lakini kwa watoto wenyewe ikoje? Nchini Sweden, utafiti wa watoto 400 uliochapishwa mwaka 2011 uliwapima wakiwa na miezi minne. Waliosubiriwa dakika tatu, asilimia 0.6 walikuwa na upungufu wa chuma. Waliobanwa ndani ya sekunde kumi, asilimia 5.7. Nepal, mwaka 2017, kwa watoto wa miezi minane, upungufu wa damu ulikuwa asilimia 73 dhidi ya 82. Utafiti unaotuhusu zaidi, kwa maoni yangu, ni wa Mpongwe, Zambia, uliochapishwa mwaka 2007, kwa sababu huko kuna malaria kama kwetu. Waliosubiriwa walikuwa na damu nzuri zaidi katika miezi minne, lakini kufikia miezi sita tofauti ilikuwa imeisha. Yaani posho ile inavusha sehemu ya nyika, si nyika yote. Na Tabora ndiyo iliyoongoza kwa malaria ya watoto wa chini ya miaka mitano katika utafiti wa kitaifa wa 2022: asilimia 23.

Utauliza, si tuwape tu matone ya chuma baadaye? Pemba walijaribu. Zaidi ya watoto 24,000 walishiriki, na mwaka 2003 ikabidi kundi la waliopewa chuma na foliki asidi lisimamishwe: walilazwa hospitali na kufariki zaidi kuliko wenzao. Ndiyo maana WHO inashauri kwamba penye malaria, chuma cha nyongeza kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria. Chuma cha kitovu hakisubiri bohari la dawa.

Mbona basi watu wanawahi kubana? Mazoea. Kuanzia miaka ya 1960 kubana mapema kulifungwa furushi moja na hatua za kumzuia mama asivuje damu. Baadaye ikaonekana kinachomlinda hasa ni sindano ya oksitosini, na kusubiri hakumwongezei hatari. WHO sasa inashauri kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja, hata kama mama ana VVU. Gharama yake ipo: watoto wachache zaidi hupata manjano ya kuhitaji kuwekwa kwenye mwanga.

Kumshikilia mtoto chini ili damu iteremke si lazima. Utafiti wa Argentina wa mwaka 2014 ulionyesha akilazwa tumboni au kifuani kwa mama damu inaingia vilevile. Basi akaushwe, afunikwe, mkunga aangalie saa.

Kama ni mjamzito, au unamsindikiza mkeo au dada yako, liulizeni kliniki mapema. Leba si mahali pa semina. Na mtoto asiyepumua hata baada ya kukaushwa na kusuguliwa mgongo, huenda mkunga akakata upesi ampeleke kwenye meza ya kumsaidia kupumua. Hapo usibishane naye habari za chuma.