Mimea Pori ya Jamii ya Kunde katika Maisha ya Watu wa Ushongo

Ushongo ni kijiji cha pwani katika wilaya ya Pangani, mkoani Tanga, kusini mwa mdomo wa mto Pangani. Vichaka vya ukanda huu vina mimea mingi ya jamii ya kunde, inayotambulika kwa mbegu zake kukaa ndani ya maganda. Wenyeji wa pwani hii, wakiwemo Waswahili, Wazigua na Wabondei, wanaijua kwa majina na kwa matumizi.

Mkomwe huota karibu na bahari na kuparamia vichaka, nao una miiba hata kwenye maganda. Ganda likikauka hupasuka na kuonyesha komwe moja au mbili: za kijivu, ngumu, laini kama kokoto iliyosuguliwa na mawimbi. Hizo ndizo kete za bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezo ukianza, kila mchezaji huwa na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Huzinamua, yaani huziingiza ubaoni, moja moja, na zikimalizika mkononi, mchezo huingia hatua ya pili, iitwayo mtaji. Barazani, wazee hucheza na vijana hujifunza kwa kutazama.

Mturituri ni mmea utambaao wenye mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Majani yake ni matamu, na hutafunwa kutuliza kikohozi. Mbegu hutungwa shanga, lakini ndani yake mna sumu kali iitwayo abrini. Mbegu moja ikitafunwa yaweza kumuua mtoto.

Mwingajini huota kandokando ya nyumba na njia. Jina lake latokana na kuwinga, yaani kufukuza, kwa kuwa huaminiwa kuwa hufukuza jini. Majani yakifikichwa hutoa harufu nzito. Mbegu zake hukaangwa, zikatwangwa na kupikwa kama kahawa. Zikiwa mbichi ni sumu.

Upupu una maganda yenye manyoya ya rangi ya kahawia yanayowasha vikali. Mkulima anayefyeka pori huukwepa, na kumwagia mtu upupu huhesabiwa kuwa uadui wa wazi.

Utupa ndio unaogusa riziki ya mvuvi moja kwa moja. Majani yake hupondwa na kutiwa katika maji yaliyotuama. Sumu yake, rotenoni, huzuia samaki kutumia hewa, nao huelea wakiwa wamelegea. Ni uvuvi wa haraka, lakini hauchagui: vifaranga hufa pamoja na wakubwa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu. Shambani, hata hivyo, maji ya majani hayohayo huua wadudu waharibifu.

Mimea hii ni ya ukoo mmoja, lakini mmoja huchezewa, mwingine hutibu na mwingine huua. Kwa hiyo ni wajibu wa kila mzazi wa pwani kumfundisha mtoto kutofautisha komwe na turituri kabla hajaanza kuokota mbegu peke yake.