Inveta na chaja ndani ya boti

Ndugu wakazi, wengi wetu tulifika Kigoma kwa boti za Ziwa Tanganyika, na wapo vijana wetu wanaofahamu ufundi wa vyombo hivyo. Hili linawahusu.

Kabla ya kununua inveta, jumlisha wati za vifaa vyote, kisha gawa kwa 12, yaani volti za betri. Wati 300 huvuta ampea 25 na zaidi kidogo. Wati 1,000 huvuta zaidi ya 80! Waya mwembamba wa redio utaungua, na katikati ya ziwa utakimbilia wapi? Fyuzi ikae karibu kabisa na betri.

Chaja iwe ile inayojipunguza yenyewe betri ikijaa. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, isiyo na harufu, na cheche moja hutosha kuilipua. Isifungiwe pasipo hewa, wala karibu na petroli. Hata hapa kambini, usichaji betri chumba wanacholala watoto.

Asidi ikiruka jichoni, osha papo hapo kwa maji safi mengi kwa dakika 20 au zaidi, kisha mpeleke mgonjwa zahanati. Usimtie maziwa wala mafuta.