Je, Wajua? Nuktamkato Moja Yaweza Kuhatarisha Data
Takwimu za zahanati za Tanzania, za Nachingwea na Ruangwa zikiwemo, huingizwa katika DHIS2, mfumo wa Java unaotumia hifadhidata ya PostgreSQL. Draiva ya Java ya PostgreSQL ikipokea amri mbili za SQL kwa mkupuo, huzitenganisha penye nuktamkato. Ndiyo maana mpimaji makini huijaribu kwa maandishi kama 'Nambambo; Nachingwea' ndani ya alama za kunukuu: ikikata hapo, imefeli.

Draiva ya Java ya MySQL, isiporuhusiwa mahsusi, hukataa amri nyingi kwa pamoja. Huo ni uamuzi bora, kwa sababu mdukuzi akipachika amri ya kufuta jedwali nyuma ya amri halali, hukwama. Mwandaaji wa programu, usiiwashe ruhusa hiyo bila sababu.