UFIZI MBOVU HUANGUSHA JINO ZIMA

Sababu za maradhi ya ufizi, na jinsi ya kuyazuia nyumbani

Kaskazini ya mji wa Kericho, chini ya miteremko ya Tinderet, ndipo ilipo Fort Ternan. Wengi huijua kwa kituo chake cha reli na kwa mashamba yake ya miwa na kahawa. Lakini wataalamu wa dunia nzima huijua kwa sababu ya meno. Mwaka 1962 Dk. Louis Leakey alitangaza habari za vipande vya taya, na meno yakiwa bado yamo ndani yake, vilivyochimbuliwa katika shamba la Bwana Fred Wicker. Vilikuwa vya mnyama wa jamii ya sokwe aliyeishi yapata miaka milioni 14 iliyopita, naye akapewa jina la Kenyapithecus wickeri.

Basi tazama, msomaji, ugumu wa jino. Nyama ya mnyama yule ilioza, ngozi ikapotea, wala hapana aujuaye ufizi wake. Lakini meno yangalipo. Ganda la nje la jino ni gumu kupita kitu kingine chochote katika mwili. Ikiwa ndivyo, mbona watu wengi hupoteza meno yao kabla hawajawa wazee? Sababu moja ni kutoboka kwa jino, nayo yajulikana na kila mtu. Sababu ya pili haisemwi sana, nayo ni ufizi. Jino ni kama nguzo ya nyumba: nguzo yaweza kuwa nzima kabisa, lakini udongo unaoishika ukimomonyoka, itaanguka tu.

Habari kutoka mashamba ya chai

Jambo hili lilichunguzwa katika nchi nyingine ya chai, yaani Sri Lanka. Kuanzia mwaka 1970 Profesa Harald Løe na wenzake waliwapima meno wanaume 480, vibarua wa mashamba ya chai, wakaendelea kuwapima mara kwa mara kwa miaka 15. Watu hao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki, wala hawakupata daktari wa meno. Ajabu ni kwamba meno yao hayakutoboka ila kwa nadra sana. Lakini fizi zao zote zilikuwa zimevimba. Katika kila 100, karibu 81 maradhi yao yaliendelea polepole, na walipofika umri wa miaka 45 walikuwa wamepoteza kadiri ya meno 7 kila mmoja. Wengine 11 hawakuendelea kuharibika. Lakini 8 waliharibika upesi mno, hata kufika miaka 45 hawakubakiwa na jino. Meno yale hayakuwa na tundu. Yalianguka kwa kukosa wa kuyashika.

Kabla ya hapo, mwaka 1965, profesa huyo huyo na wenzake walieleza jaribio walilolifanya Aarhus, katika nchi ya Denmark. Watu 12 wenye fizi nzuri waliambiwa waache kabisa kusafisha meno. Kabla ya majuma matatu kutimia, wote walikuwa wamevimba ufizi. Waliporudia kusafisha, wakapona katika muda wa juma moja hivi. Hapo ilidhihirika kuwa mwanzo wa ugonjwa huu ni uchafu unaokaa juu ya meno, na kwamba ukiwahiwa mapema hupona bila dawa kali.

Sababu zilizo za kawaida

1. Ukoga. Huu ni utando laini unaojijenga juu ya meno kila siku, hasa pale jino linapokutana na ufizi, nao umejaa vijidudu. Usiposuguliwa hugeuka kuwa mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauwezi tena kuuondoa. Ni kazi ya daktari. Ufizi huwa mwekundu, huvimba na kutoka damu. Ukiachwa, vijidudu hushuka chini, mfupa hupungua, na jino huanza kucheza.

2. Kusugua kwa nguvu mno. Mswaki mgumu, mchanga au majivu huuchubua ufizi na kuusukuma chini hata shina la jino likaonekana. Maji baridi yakimchoma mtu menoni, huenda sababu ni hiyo.

3. Tumbaku. Sigara na ugoro huudhoofisha ufizi. Tena mvutaji hudanganyika, kwa sababu tumbaku huipunguza damu itokayo, naye hudhani yu mzima kumbe ugonjwa unaendelea.

4. Uja uzito. Mabadiliko ya mwili wa mama mja mzito huufanya ufizi uvimbe upesi kwa uchafu kidogo tu. Wako wasemao kwamba mtoto humnyang'anya mama yake meno. Si kweli. Mama huyo azidishe usafi, wala asiogope kumwona daktari wa meno.

5. Ugonjwa wa kisukari. Mwenye kisukari huugua ufizi upesi kuliko mwingine, na ufizi mbovu nao huzidisha ugumu wa kuitawala sukari yake. Mtu ambaye fizi zake hazisikii usafi, naye ana kiu nyingi na kwenda haja ndogo mara kwa mara, yafaa apimwe damu.

6. Dawa. Baadhi ya dawa za kifafa, kama fenitoini, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, huukuza ufizi hata ukafunika meno. Mgonjwa asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe; amweleze daktari aliyempa.

7. Upungufu wa chakula. Mtu asiyekula matunda wala mboga kwa muda mrefu hupatwa na kiseyeye, ugonjwa uliowaua mabaharia wengi zamani. Mwaka 1747 daktari wa meli, James Lind, aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili, kila jozi kwa dawa yake. Wale wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Kwetu mapera, machungwa, mapapai na mboga za majani hazikosekani; ila mboga zisichemshwe hata zikapoteza nguvu zake.

8. Jipu. Mtu anywaye chai ya sukari nyingi kidogo kidogo mchana kutwa huyapa meno yake shida isiyopumzika. Jino hutoboka, uchafu hufika kwenye mzizi, na usaha hutokea kwenye ufizi. Magego ya mwisho nayo, yanapojitokeza kwa vijana, huweza kuvimbisha nyama inayoyafunika.

Yampasayo mtu kufanya

Kosa lililo kubwa ni hili: mtu huona damu asubuhi, akaogopa, akaacha kupiga mswaki mahali pale pale. Kufanya hivyo ni sawa na mkulima aliyeona kwekwe akaacha kupalilia. Mahali panapotoka damu ndipo panapotaka kusafishwa zaidi, lakini kwa upole.

Tumia mswaki laini, mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, dakika mbili kila mara. Ulaze kidogo, nyuzi zake ziguse mahali jino linapokutana na ufizi, kisha uzungushe polepole. Dawa ya meno iwe yenye floraidi. Katikati ya meno pitisha uzi wa meno. Mswaki ubadilishwe kila baada ya miezi mitatu, wala usitumiwe na watu wawili.

Aliyezoea mswaki wa mti asione haya; wazee wetu waliutumia na meno yao yakawafaa. Ila ncha itafunwe hata iwe laini, isisukumwe ndani ya ufizi, nayo ikatwe ikichakaa. Asisahau tu kwamba mti peke yake hauna floraidi ya kutosha. Basi ni vema atumie pia dawa ya meno.

Kwa maumivu, changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi ya maji ya vuguvugu, usukutue, kisha uteme. Hii hutuliza, lakini haiondoi ukoga. Usiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi, kwa maana huunguza nyama. Wala mafuta ya taa, wala tumbaku.

Habari za watoto

Yako mambo mawili ambayo kila mzazi hana budi kuyajua. La kwanza, mtoto mchanga apatapo homa au kuharisha, wako watu wanaoutazama ufizi wake, wakaona uvimbe mweupe, wakasema ni “meno ya plastiki” yapasayo kung'olewa. Uvimbe huo ni chipukizi la jino la chonge, nao ni wa kawaida. Kuukata kwa kisu au msumari kumewaua watoto kwa kutokwa damu na kwa sumu iingiayo damuni. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati. Ufizi wake uachwe.

La pili ni ugonjwa ambao madaktari huuita noma. Huwapata hasa watoto wa miaka 2 hadi 6 waliodhoofika kwa utapiamlo au baada ya surua. Huanza kama kidonda cha ufizi chenye harufu mbaya, na kwa siku chache hula shavu. Asipotibiwa, hadi watoto 9 katika 10 hufa. Akitibiwa mapema, kwa dawa za kuua vijidudu na chakula chema, huponyeka. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa.

Wakati wa kwenda kwa daktari

Usingoje maumivu, maana ugonjwa wa ufizi mara nyingi hauumi mpaka umeharibu. Ikiwa damu haikomi baada ya majuma mawili ya usafi mwema, ikiwa jino linacheza, usaha unatoka, au kuna kidonda kisichopona kwa majuma mawili, nenda hospitali kwa daktari wa meno au afisa wa afya ya kinywa. Ikiwa uso umevimba pamoja na homa, au mtu hawezi kumeza wala kufungua kinywa, aende siku ile ile.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa nyumba hujengwa tena. Lakini jino la mtu mzima likisha kuanguka halioti lingine.