Mshindi ni Anayefika: Mbio za Masafa Marefu, kutoka Nairobi hadi Warwick Farm



Kila mwaka ifikapo Oktoba, vijana wetu wengi hapa Sydney hukaa mbele ya televisheni kutwa nzima wakitazama mashindano ya magari ya Bathurst. Wazazi hupita sebuleni, huuliza nani anaongoza, kisha huenda zao wakistaajabu vipi mtu aweza kutazama magari yakiuzunguka mlima mmoja kwa saa sita au zaidi. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya pande zote mbili. Vijana wapate kujua kwamba mchezo huu, wanaoudhani kuwa wa Australia peke yake, una udugu wa karibu na nchi walikozaliwa wazazi wao. Na wazazi wapate kuona kwamba ndani yake mna jambo linalohusu kila nyumba yenye kijana aliyetimiza miaka 16.

NI MBIO ZA NAMNA GANI?

Mashindano ya magari ni ya aina nyingi. Yako mafupi, ambayo humalizika kabla chai haijapoa, na humo mwenye kasi ndiye mshindi. Yako pia ya masafa marefu, na haya yana sheria yake isiyoandikwa: kwanza ufike, kisha ndipo uulizwe umefika wa ngapi. Mashuhuri kuliko yote ni yale ya Le Mans, Ufaransa, yaliyoanza mwaka 1923, ambamo gari huendeshwa saa 24, mchana na usiku, kwa madereva kupokezana. Ya Bathurst hufanyika katika mlima wa Mount Panorama, kiasi cha kilomita 200 magharibi ya Sydney. Yalianza hapo mwaka 1963 kwa umbali wa maili 500, na tangu 1973 ni kilomita 1,000.

Aina ya tatu ni mbio za barabarani, ambazo hupita vijijini, misituni na jangwani. Dereva hupewa muda wa kufika kila kituo, na akichelewa huandikiwa alama za adhabu. Mwenye alama chache kuliko wenziwe ndiye mshindi. Hizi ndizo tulizozizoea sisi, kwa jina la Safari.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, ambao aghalabu ni wakati wa masika. Barabara zilikuwa za udongo, na hazikufungwa. Dereva wa mashindano aliweza kukutana na basi la abiria, kundi la ng'ombe, au twiga aliyesimama katikati ya njia. Watu wazima miongoni mwetu wanakumbuka kusimama kando ya barabara wakisubiri vumbi litokeze mbali, na watoto wakibishana kama ni Peugeot au Datsun.

MSIMU WA MWAKA 1968

Ili tuuelewe mchezo huu vizuri, natuuchukue msimu mmoja tu, wa mwaka 1968, kwani ndio uliounganisha Nairobi na mji huu tunaoishi.

Msimu ulianza kwetu, mwezi wa Aprili. Mvua za mwaka huo zilikuwa kubwa mno. Magari 93 yaliondoka, na yaliyomaliza ni 7 tu. Mengine yalikwama matopeni, mengine yalizuiwa na mito iliyofurika, mengine yalivunjika springi au kuharibika injini. Mshindi alikuwa Nick Nowicki, mkazi wa Kenya, katika gari la Peugeot 404. Wala haikuwa mara yake ya kwanza, kwani mwaka 1963, ambapo pia yalifika magari 7 tu kati ya 84, aliyeshinda alikuwa yeye huyo huyo. Mtu mmoja kushinda katika miaka miwili iliyokuwa migumu kupita yote si bahati. Ni mtu aliyejua gari lake linaweza nini na haliwezi nini.

Le Mans ya mwaka ule iliahirishwa kutoka Juni hadi mwisho wa Septemba kwa sababu ya machafuko yaliyotokea Ufaransa. Walioshinda ni Pedro Rodríguez wa Mexico na Lucien Bianchi wa Ubelgiji, katika gari la Ford GT40. Msomaji alishike jina hili la Bianchi, tutalirudia.

Wiki moja baadaye, mwanzoni mwa Oktoba, ikaja Bathurst. Gari lililoshinda lilikuwa Holden Monaro la Bruce McPhee. Sheria ilitaka madereva wawili, naye McPhee akamwachia mwenziwe Barry Mulholland mzunguko mmoja tu kati ya 130, mingine yote akaiendesha mwenyewe.

KUTOKA LONDON HADI SYDNEY

Ndipo tarehe 24 Novemba 1968 magari 98 yalipoondoka London kuja Sydney. Safari hiyo ilikuwa ya zaidi ya kilomita 16,000. Ilidhaminiwa na magazeti mawili, moja la London na moja la hapa Sydney, na mshindi aliahidiwa pauni 10,000. Miongoni mwa washiriki walikuwamo watu waliofunzwa na barabara za Afrika Mashariki, kama Edgar Herrmann na Hans Schüller wa Kenya, ambao baadaye walishinda Safari mara mbili mfululizo, mwaka 1970 na 1971.

Liko jambo ambalo wasimulizi wa mbio hizi hawalitaji, nasi tunalitaja kwa kuwa linatuhusu. Kwa hesabu ya kalenda ya Hijria, mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1388 ulikuwa umeandama siku chache tu kabla ya magari kuondoka London. Kwa hiyo yalipopita Istanbul, Sivas, Tehran na Kabul, wenyeji wa miji hiyo walikuwa katika kumi la kwanza la mfungo. Madereva walizivuka nchi hizo usiku na mchana bila ya kulala ipasavyo, na magari yakipiga honi pengine saa ile ya watu kuamkia daku.

Magari 72 yalifika Bombay, yakapakiwa katika meli iitwayo Chusan, yakavuka Bahari ya Hindi hadi Fremantle. Bahari hiyo hiyo inayopiga Forodhani na Mombasa ndiyo iliyoyaleta Australia. Kutoka Perth yakaanza tena, yakakata nchi nzima kwa muda wa siku tatu hivi, kupitia Ceduna na milima ya Omeo.

Aliyeongoza hadi Bombay alikuwa Mwingereza Roger Clark, dereva mwenye kasi ya ajabu. Gari lake la Ford Cortina likaharibika injini huku Australia. Mafundi wake wakalivua gari jingine la timu yao vipuri ili lake liendelee. Halikufika mbali likavunjika tena, safari hii upande wa nyuma, na ikabidi anunue kifaa kutoka gari la mtu aliyemkuta barabarani! Akafika Sydney, lakini ushindi ulikwisha mponyoka.

Uongozi ukamwangukia Lucien Bianchi, yule aliyeshinda Le Mans miezi miwili tu iliyotangulia, pamoja na mwenziwe Jean-Claude Ogier, katika gari la Citroën. Walikuwa wamebakisha mwendo wa saa chache tu. Karibu na Nowra, kusini ya Sydney, Ogier akiwa ndiye aliyeshika usukani, wakagongana uso kwa uso na gari dogo lililokuwa likija upande wa pili, gari ambalo halikuwa katika mashindano. Bianchi aliumia vibaya. Nyuma yao alikuwa Paddy Hopkirk wa Ireland, ambaye naye alikuwa na matumaini ya kushinda. Hopkirk akasimama kuwasaidia majeruhi, na huku kusimama ni kupoteza muda.

Mshindi akawa Andrew Cowan, mtoto wa mkulima kutoka Scotland, pamoja na Brian Coyle na Colin Malkin. Gari lao lilikuwa Hillman Hunter, gari la kawaida kabisa ambalo jirani yeyote angeweza kuwa nalo. Hawakuwa mbele London, hawakuwa mbele Bombay. Waliliendesha gari lao kwa namna ya kulifikisha, na tarehe 17 Desemba wakaingia Warwick Farm wakiwa na alama 50 za adhabu, na Hopkirk akafuatia kwa alama 56. Magari 56 ndiyo yaliyomaliza. Idi ilikuwa imebaki siku chache.

Wenzetu wapandao treni kwenda Liverpool hupita kituo cha Warwick Farm kila siku. Siku hizi hapo panajulikana kwa mbio za farasi, lakini ndipo ulipoishia msimu ule ulioanza katika matope ya kwetu. Bianchi, kwa upande wake, alipona majeraha, akarudi mashindanoni, akafariki katika ajali ya majaribio huko Le Mans mwezi Machi 1969.

COWAN AENDA NAIROBI

Hadithi haikukomea hapo. Mwaka 1976 Cowan alikuwa Kenya katika timu ya Mitsubishi. Mshindi huyu wa Sydney akamaliza wa tatu. Wa pili alikuwa Robin Ulyate, na wa kwanza Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kukulia katika gereji. Joginder alishinda Safari mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Ushindi wa kwanza aliupata pamoja na nduguye Jaswant, katika gari la Volvo lililokwisha tumika. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na fundi hulisikia gari likilalamika kabla halijaanguka.

Baada yake ni Shekhar Mehta. Mtu huyu alizaliwa Uganda, na familia yake ilifukuzwa pamoja na Waasia wengine mwaka 1972, wakati wa Idi Amin. Mwaka uliofuata alishinda Safari kwa mara ya kwanza, akiwa amefungana alama na Harry Källström wa Sweden. Kisha akashinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na mpaka leo hapana aliyezidi ushindi wake wa mara tano. Sisi tuliohama makwetu, kwa hiari au kwa kulazimika, tunaelewa maana ya kuanza upya ugenini na kufika.

SAA 120 ZA NYUMBANI

Sasa tuje kwenye jambo letu. Katika jimbo hili la New South Wales, kijana aweza kuchukua leseni ya kujifunza akiwa na miaka 16. Ikiwa hajafika miaka 25, sheria humtaka aendeshe kwa saa 120, zikiwemo 20 za usiku, akiwa na msimamizi mwenye leseni kamili ya Australia, na kila safari iandikwe katika daftari lake. Ndipo hufanya mtihani wa kupata kibao chekundu cha P.

Saa 120 ni Le Mans tano. Si kazi ndogo. Nyumba zetu nyingi baba hufanya kazi za zamu za usiku, mama hana leseni ya hapa, na gari ni moja. Ndiyo maana baadhi ya watu hulijaza daftari kwa saa ambazo hazikuendeshwa. Tuseme wazi: hilo ni kosa kwa sheria, na ni uwongo ulioandikwa kwa mkono wa mzazi mbele ya macho ya mtoto. Juu ya hayo, barabara hailisomi daftari. Siku ya mvua, usiku, kwenye kona asiyoijua, kijana atakuwa na saa zile alizoziendesha kweli, si zile zilizoandikwa.

Zipo njia za halali za kuupunguza mzigo huu. Saa moja ya mafunzo kwa mwalimu mwenye leseni huhesabiwa kuwa saa tatu, hadi kufikia saa 10 za mafunzo. Iko pia kozi ya madereva vijana inayoongeza saa 20. Na iko njia yetu ya asili, ambayo haihitaji kanuni: mjomba, shangazi au jirani mwenye leseni kamili na moyo wa subira ampeleke kijana Jumamosi moja hadi Wollongong na kurudi. Mtoto ni wa wote, na usukani wake uwe wa wote.

Nanyi vijana, mkishapata kibao chekundu, mwendo wenu wa juu ni kilomita 90 kwa saa. Na baina ya saa tano za usiku na saa kumi na moja za alfajiri hamruhusiwi kuchukua zaidi ya abiria mmoja aliye chini ya miaka 21. Mtaona ni kanuni za kuwabana. Kumbukeni lakini kwamba Bianchi alikuwa bingwa wa Le Mans, na bado gari la mtu mwingine lilimkuta njiani. Ajali hutafuta hata walio hodari, seuze mwenye leseni ya mwezi mmoja na marafiki wanne wanaomshangilia.

Mashindano ya Safari yalirejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, na vumbi la Naivasha huonekana sasa katika televisheni za hapa. Yatazameni pamoja na watoto wenu, muwaeleze nani alikuwa Joginder na nani Mehta. Kisha chukueni funguo, mkae kiti cha abiria, na muanze kuhesabu saa.

Mwenda pole hajikwai. Tunawatakia nyote safari za salama.